Bonasi ya Mkataba: Marubani Wagawane kwa Kigezo Gani?

Bonasi ya kutia saini ni fedha anazotoa mwajiri mara moja tu, pale mkataba mpya wa pamoja kati yake na chama cha wafanyakazi unapokamilika. Si mshahara, kwa kuwa mwezi ujao haitarudi. Si zawadi pia, kwa kuwa imetokana na mabishano ya mezani, pengine ya miaka mingi. Mara nyingi mwajiri hutaja jumla moja na kuuachia upande wa wafanyakazi upendekeze namna ya kuigawa. Hapo ndipo kazi ngumu ya chama huanza. Kudai fedha kwa mwajiri huwaunganisha wanachama, lakini kuzigawa kunaweza kuwafarakanisha.

Urubani wa ndege za abiria huonyesha tatizo hili waziwazi kuliko fani nyingi. Mbele ya ndege huketi watu wawili wenye leseni, wanaobeba dhamana moja ya roho za abiria, lakini mapato yao hayalingani. Kapteni hulipwa zaidi ya rubani msaidizi. Katika mashirika mengi, anayerusha ndege kubwa ya safari ndefu, kama Boeing 787, hulipwa zaidi ya anayerusha ndege ndogo ya safari fupi. Sehemu ya malipo hutegemea saa za kuruka, kwa hiyo aliyepangiwa safari nyingi huondoka na fedha zaidi kuliko aliyebaki akisubiri zamu. Juu ya hayo wapo wakufunzi wanaofundisha ardhini, marubani wapya walio katika muda wa majaribio, na wale ambao daktari amewazuia kuruka kwa muda. Wote hao wako chini ya mkataba mmoja. Jumla moja ya fedha ikiwaangukia watu wa hali tofauti namna hii, kila mmoja ana hoja ya kwa nini fungu lake liwe kubwa, na nyingi ya hoja hizo zina ukweli ndani yake.

Nchini Kenya, marubani wa Kenya Airways huwakilishwa na Chama cha Marubani wa Ndege Kenya, maarufu kama KALPA, chenye wanachama wapatao 400 mwaka 2022. Shirika lenyewe liliundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways, likabinafsishwa mwaka 1996. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020, ndege zilibaki chini, mishahara ikakatwa na kuahirishwa, na michango ya mwajiri katika hazina ya akiba ya uzeeni ikasimamishwa. Mzozo juu ya fedha hizo ulifika kilele tarehe 5 Novemba 2022, marubani walipogoma. Abiria zaidi ya 10,000 waliathirika, nazo safari za Mombasa zikavurugika. Siku tatu baadaye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliwaamuru marubani warudi kazini.

Madai ya mgomo ule yanaonyesha sura ambayo fedha za mkupuo, yaani zinazolipwa kwa mara moja, huichukua mara nyingi hapa Kenya: malimbikizo. Mfanyakazi wa Kenya hasikii sana neno bonasi ya kutia saini. Husikia kwamba mkataba wa pamoja, ule uitwao CBA, umechelewa miaka miwili au mitatu, kisha umetiwa saini, na nyongeza itahesabiwa kuanzia tarehe ya nyuma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inaruhusu jambo hilo. Mkataba wa pamoja unatakiwa kuwasilishwa mahakamani usajiliwe ndani ya siku 14 tangu kukamilika, na nguvu yake ya kutekelezwa hutoka kwenye usajili huo. Lakini tarehe ambayo masharti yake yanaanza kuhesabiwa ni ile waliyokubaliana pande mbili, hata kama imepita zamani. Pengo kati ya tarehe hizo mbili ndilo linalozaa malimbikizo.

Marekani pengo hilo ni refu zaidi, na ndiko bonasi ya kutia saini ilikoshamiri kati ya marubani. Sheria ya Kazi za Reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 ikashika pia mashirika ya ndege, haiuachi mkataba wa pamoja ufe tarehe yake inapofika. Masharti ya zamani huendelea kutumika hadi mapya yapatikane, na njia ya kufikia mgomo ina vituo vingi vya upatanishi. Kwa hiyo mazungumzo huweza kuchukua miaka. Mkataba wa marubani wa Delta Air Lines ulifunguka kujadiliwa upya mwishoni mwa 2019, na mpya ukapitishwa tarehe 1 Machi 2023 kwa kura asilimia 78. Katika miaka yote hiyo marubani waliruka kwa viwango vya zamani. Mashirika mengi hukwepa kulipa kila senti ya tofauti hiyo, yakatoa badala yake jumla moja ya kufunga hesabu. Jumla hiyo ndiyo bonasi.

Kutokana na historia hiyo linapatikana swali linalopaswa kutangulia mengine yote katika mgao: fedha hizi ni za nini? Jibu ni moja kati ya matatu. Huenda ni fidia ya kazi iliyokwisha kufanywa kwa malipo pungufu. Huenda ni fidia ya kitu kilichoachwa mezani, mfano siku za mapumziko au sehemu ya pensheni. Au huenda ni kivutio cha kuwafanya wanachama waukubali mkataba. Kila jibu lina kigezo chake. Fidia ya kazi iliyopita igawiwe kwa kadiri ya kazi hiyo. Fidia ya kitu kilichoachwa iwafuate waliokipoteza. Kivutio cha kura, kwa kuwa kila mwanachama ana kura moja, hakina sababu ya kumpa mmoja zaidi ya mwingine. Ugomvi mwingi huzuka kwa sababu chama hakikutamka fedha ni za aina gani, na kila kundi likajichagulia jibu linalolinufaisha.

Kanuni za mgao ziko nyingi, lakini zote hutokana na nne. Ya kwanza ni kugawa sawasawa kwa vichwa. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anaielewa, haihitaji rekodi za miaka, na humfaa zaidi wa kipato cha chini. Ubaya wake ni kwamba aliyeajiriwa mwezi uliopita hupata sawa na aliyevumilia miaka mitatu ya mshahara uliokwama.

Ya pili ni kugawa kwa uwiano wa mapato. Rekodi za mishahara za kipindi cha mazungumzo huchukuliwa, na kila mmoja hupewa asilimia ile ile ya alichopata. Hii ndiyo inayokaribia zaidi malimbikizo halisi, kwa kuwa aliyekosa nyongeza ya asilimia fulani juu ya mshahara mkubwa amekosa fedha nyingi. Katika mkataba wa Delta wa 2023, malipo ya mkupuo yalihesabiwa kwa namna hiyo, juu ya mapato ya kila rubani katika miaka ya 2020, 2021 na 2022. Udhaifu wake ni kwamba hupanua tofauti iliyokuwapo. Pia humwadhibu aliyepungukiwa na saa za kuruka bila kosa lake, jambo lililowapata marubani wengi mwaka 2020 ndege zilipokosa abiria.

Ya tatu ni kugawa kwa muda wa utumishi. Kila mwezi au mwaka aliotumikia mtu huhesabiwa pointi, na thamani ya pointi ni moja kwa wote, awe kapteni au msaidizi. Kanuni hii ilitumika katika mapatano ya mwaka 1985 yaliyomaliza mgomo wa marubani wa Continental Airlines, ulioanza 1983. Waliochagua kutorudi kazini walipewa kiinua mgongo cha hadi dola 4,000 kwa kila mwaka wa utumishi. Hapo cheo hakikuhesabiwa, kilichohesabiwa ni miaka.

Ya nne ni mchanganyiko. Sehemu ya jumla hugawiwa kwa vichwa, na iliyobaki kwa mapato au kwa muda. Vyama vyenye wanachama wa hali nyingi vina sababu ya kuangukia huku, kwa kuwa fedha zenyewe mara nyingi ni za aina mbili kwa pamoja: fidia kidogo, kivutio kidogo.

Hesabu ndogo ya mfano inaonyesha uzito wa uchaguzi huo. Ichukuliwe kwamba chama kina marubani 400, makapteni 160 na wasaidizi 240, na bonasi ni shilingi milioni 120. Ikigawiwa kwa vichwa, kila mmoja anapata 300,000. Ikigawiwa kwa mapato, na kapteni akawa analipwa mara mbili ya msaidizi, kapteni anapata takriban 428,600 na msaidizi 214,300. Ikichanganywa nusu kwa nusu, kapteni anapata takriban 364,300 na msaidizi 257,100. Jumla ni ile ile katika njia zote tatu, lakini msaidizi mmoja anapishana na mwenzake wa kanuni nyingine kwa zaidi ya shilingi 85,000. Kwa kuwa wasaidizi ndio wengi katika mfano huu, wakiachiwa wapige kura kwa maslahi yao tu watachagua kugawa kwa vichwa. Makapteni wangekuwa wengi, kanuni ingegeuka. Haki haiwezi kuwa kitu kinachobadilika kwa kufuata idadi ya mikono iliyoinuliwa.

Vipimo vikubwa vya haki viko pembezoni, kwa watu ambao hawamo kwenye picha ya kawaida ya rubani aliye kazini. Wa kwanza ni waliostaafu wakati mazungumzo yanaendelea. Umri wa mwisho wa rubani katika safari za kimataifa, kwa viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni miaka 65. Aliyefika umri huo mwezi mmoja kabla ya saini alifanya kazi kipindi karibu chote kinachofidiwa. Ikiwa fedha ni malimbikizo, kumnyima ni kumnyang'anya jasho lake kwa sababu ya tarehe. Ikiwa ni kivutio cha kura, hana dai, kwa kuwa hana kura tena. Vivyo hivyo kwa aliyefariki: malimbikizo yake ni mali ya warithi wake, na chama kinachowasahau wajane na mayatima wa wanachama kimejivunjia heshima.

Wa pili ni waliokuwa nje ya kazi kwa sababu inayotambuliwa na sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kanuni ya mgao inayohesabu saa za kuruka peke yake ingemkata rubani mwanamke kwa miezi hiyo, na hivyo kumlipisha kwa kujifungua. Jambo hilo halikubaliki kisheria wala kimaadili. Suluhisho ni jepesi: kipindi cha likizo ya uzazi, ugonjwa na ajali kazini kipewe wastani wa saa za rubani wa daraja lake. Wastani huo huo unawafaa waliopangiwa kazi ya chama au waliosimamishwa bila kosa kwa upungufu wa safari.

Wa tatu ni walioachishwa kazi huku kesi zao zikiendelea. Mtu wa namna hii hajulikani bado kama ni mwanachama au si mwanachama. Njia ya uangalifu ni kutenga fungu lake na kulishikilia hadi hukumu itoke, kwa maana kulitafuta tena baada ya fedha kwisha kugawiwa ni vigumu mno.

Mahakama nazo zimelazimika kuingia katika mambo haya, na historia yake inaanzia kwenye reli. Bester William Steele alikuwa mfanyakazi mweusi wa injini za treni katika kampuni ya reli ya Louisville na Nashville, kusini mwa Marekani. Chama kilichowakilisha kundi lake lote kisheria hakikuwakubali weusi kuwa wanachama, kikaingia mapatano ya kuwaondoa kwenye kazi zao. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba chama kilichopewa na sheria mamlaka ya kusema kwa niaba ya wote kina wajibu wa kuwatendea wote kwa haki, hata wale wasiokuwa wanachama wake. Wajibu huo uliitwa uwakilishi wa haki.

Mwaka 1991 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya marubani wa Continental waliolalamikia mapatano ya 1985. Ilisema wajibu wa uwakilishi wa haki unashika hata wakati chama kinapojadiliana na mwajiri, lakini uamuzi wa chama hautabatilishwa ila ukiwa umetoka nje kabisa ya mipaka ya busara, au una ubaguzi au nia mbaya. Kwa maneno mengine, chama kina ruhusa ya kukosea kwa nia njema. Hakina ruhusa ya kuonea.

Mpaka huo ulijaribiwa tena juu ya fedha za mkupuo. United Airlines na Continental ziliungana mwaka 2010, na mkataba wa pamoja wa marubani wao ukakamilika mwishoni mwa 2012 ukiwa na malipo ya dola milioni 400 badala ya malimbikizo. Wakufunzi wa United walikwenda mahakamani wakidai kwamba chama kilitunga kanuni iliyopunguza fungu lao ili kuwanufaisha marubani wa safari, ambao ndio wengi na ndio wenye kura. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Chicago ilikataa kuitupa kesi hiyo. Haikusema wakufunzi wameshinda. Ilisema dai la kwamba kundi dogo limekatwa ili kulipendeza kundi kubwa ni dai linalostahili kusikilizwa. Kwa viongozi wa vyama kila mahali, onyo liko wazi: wanaogawa lazima waweze kueleza kila tofauti kwa sababu ya kikazi, na wingi wa kura si sababu ya kikazi.

Kenya ina upande wake wa swali hilo, nalo ni tofauti kati ya mwanachama na asiye mwanachama. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi, mkataba wa pamoja huwashika wafanyakazi wote wa ngazi inayowakilishwa, na masharti yake huingia katika mkataba wa ajira wa kila mmoja wao. Asiyejiunga na chama lakini ananufaika na mkataba huweza kukatwa ada ya uwakala. Kwa hiyo chama kilichopokea ada hiyo hakina hoja ya kumwambia mlipaji kwamba malimbikizo hayamhusu. Amelipia huduma, naye apewe matunda yake.

Walimu walionja uchungu wa mgawanyiko wa aina hii. Baada ya hukumu ya Julai 2019 katika kesi kati ya chama cha walimu cha KNUT na Tume ya Huduma za Walimu, tume iliacha kuwalipa wanachama wa KNUT nyongeza zilizokuwa zimetokana na mkataba wa 2017 hadi 2021, huku walimu wengine wakiendelea kulipwa. Walimu wa shule moja, wenye cheo kimoja, walijikuta na mishahara tofauti kwa sababu ya chama. Wanachama walihama kwa maelfu na chama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote nchini kikapoteza sehemu kubwa ya michango yake. Malipo yakishatumika kuwatenga wafanyakazi kwa kadi za uanachama, chama hubaki bila nguvu ya kudai mkataba unaofuata.

Mgao wa haki unadai pia kwamba bonasi yenyewe ipimwe kabla ya kukubaliwa, kwa maana jumla kubwa ya mara moja huweza kuficha nyongeza ndogo ya kudumu. Rubani msaidizi wa mshahara wa 400,000 kwa mwezi akiongezewa asilimia 5 anapata 20,000 zaidi kila mwezi, sawa na 240,000 kwa mwaka. Kwa mkataba wa miaka minne hizo ni 960,000, na mshahara huo mkubwa ndio utakaokuwa msingi wa nyongeza zijazo na wa michango ya uzeeni. Bonasi ya 300,000 haigusi uzeeni wala haizai. Hapa maslahi ya rika hupingana. Kapteni wa miaka 64 ana sababu ya kutaka fedha taslimu sasa, kijana wa miaka 28 ana sababu ya kutaka mshahara. Chama kinachoiweka bonasi kubwa mbele ili kipate kura za wazee kimewagawia wazee fedha za vijana kabla mgao rasmi haujaanza.

Kodi nayo hugawa kwa namna yake. Tangu Julai 2023, viwango vya juu vya kodi ya mapato Kenya ni asilimia 30, kisha 32.5 kwa sehemu ya mapato ya mwezi inayozidi 500,000, na 35 kwa inayozidi 800,000. Msaidizi wa mshahara wa 450,000 unaotozwa kodi akipokea bonasi ya 300,000 katika mwezi mmoja, elfu 50 za kwanza zitakatwa asilimia 30 na zilizobaki asilimia 32.5, jumla 96,250. Kapteni wa milioni moja atakatwa 105,000 kwa bonasi hiyo hiyo. Tofauti si kubwa, lakini mwanachama aliyeahidiwa laki tatu na kuona laki mbili kwenye akaunti yake hudhani ameibiwa. Kiongozi mwaminifu hutaja kiasi kabla ya kodi na baada ya kodi kwa pamoja. Pia huhakikisha hati za malipo zinaonyesha ni fedha za miaka ipi, kwa sababu sheria ya kodi huyatazama malimbikizo ya miaka ya nyuma kwa namna tofauti na bonasi ya mwaka huu.

Kigezo kikishapatikana, utaratibu ndio unaokilinda. Wavuvi wa Kilifi na Malindi wana desturi inayofaa kuigwa: fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la mabaharia hujulikana kabla ya tanga kupandishwa, si baada ya samaki kuonekana. Vivyo hivyo kanuni ya mgao ipitishwe na wanachama kabla jumla haijajulikana, au walau kabla ya majina kuwekwa mbele ya tarakimu. Mtu asiyejua bado atapata kiasi gani huchagua kwa haki zaidi kuliko aliyekwisha kupiga hesabu ya fungu lake.

Hatua zinazofuata hazina siri. Kamati ya mgao iwe na mjumbe kutoka kila kundi dogo: wakufunzi, wapya, wasaidizi wa ndege ndogo, wanawake. Rekodi zitoke kwenye orodha ya mishahara ya mwajiri, si kwenye kumbukumbu za ofisi ya chama. Kanuni ichapishwe kwa lugha nyepesi pamoja na mfano wa hesabu kwa kila daraja. Kila mwanachama apewe karatasi inayoonyesha miezi yake, daraja lake na fungu lake, kisha apewe muda wa kupinga. Sehemu ndogo ya jumla itengwe kwa ajili ya makosa yatakayogunduliwa, na ikibaki igawiwe kwa kanuni ile ile. Malipo yatoke kwa mwajiri moja kwa moja hadi kwa mfanyakazi, fedha zisipite kwenye akaunti ya chama. Chama kikitaka kukata mchango wa ziada kutoka kwenye bonasi, kiombe idhini ya wanachama waziwazi, kwa kura ya peke yake. Na viongozi walioketi kwenye meza ya mazungumzo wasijitengee fungu la shukrani ambalo halimo kwenye kanuni.

Mambo haya hayawahusu marubani peke yao. Kilifi ina wafanyakazi wanaoishi kwa mikataba ya pamoja. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Pwani ni sehemu ya wahadhiri wa vyuo vya umma ambako malimbikizo ya mkataba wa 2017 hadi 2021 yalizua mgomo wa kitaifa mwaka 2025. Wako makuli na madereva wa mitambo wanaotoka Rabai, Mazeras na Mariakani kila alfajiri kwenda bandari ya Mombasa na maghala ya Changamwe, na wako wa mashamba ya katani ya Vipingo. Kwa wengi wao fedha za mkupuo ni ndogo kuliko za rubani, lakini uzito wake nyumbani ni mkubwa zaidi: ni karo ya muhula, ni mabati ya nyumba, ni deni la dukani. Mtu wa kipato hicho akidhulumiwa elfu tano huumia kuliko kapteni aliyepunjwa laki moja. Ndiyo maana maswali yale yale yanastahili kuulizwa katika kila mkutano wa tawi: fedha hizi ni za nini, nani alizifanyia kazi, nani amesahauliwa, na kanuni imeandikwa wapi.

Mgao hautawafurahisha wote, na hakuna chama kilichowahi kuwafurahisha wote. Unachoweza kufanya ni kumpa kila mwanachama sababu anayoweza kuisoma, kuihakiki na kuipinga kwa njia halali. Chama kinachoweza kumtazama mwanachama aliyepata kidogo zaidi na kumweleza kwa nini, bila kuficha karatasi, kimegawa kwa haki. Kisichoweza hakijagawa kwa haki, hata kama kura zilikuwa zake zote. Mfanyakazi wa pwani, awe angani au gatini, adai maelezo hayo kabla ya kuinua mkono.